Ukimya wa Saa Tisa

Dakika kumi na tano za mwanzo alizikata yeye mwenyewe. Kila alasiri, kwa muda wa miezi minane, Dkt. Minza Lubala aliketi mbele ya skrini, akatafuta mahali dawa ilipoingia kwenye grafu, akarudi nyuma robo saa, akaifuta robo saa hiyo yote, ndipo akaanza kusoma. Hakuwa mzembe. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo naye alivyowafundisha wengine: robo saa kabla ya dawa, fundi wa maabara huingia chumbani, mlango hufunguliwa, hewa hubadilika, sakafu hutikiswa na hatua, nyaya hunasa umeme wa taa. Kinachoonekana kwenye mistari wakati huo si kazi ya ubongo bali ni kelele, na kelele hukatwa. Sentensi hiyo imo katika mwongozo wa kituo, na aliyeiandika ni yeye. Kwa hiyo jambo aliloshindwa kuliona halikuwa limefichwa popote. Lilikuwa mbele yake kila siku, naye kila siku alilitupa.

Kituo chenyewe kilijengwa juu ya vilima vya Kisarawe, na kazi yake ilikuwa moja: kumtafutia kila mgonjwa wa kifafa sugu dawa iliyomfaa yeye peke yake. Mgonjwa alikatwa kipande cha ngozi kisichozidi ukucha wa kidole kidogo. Seli za ngozi ile zilirudishwa nyuma, hatua kwa hatua, hadi zikawa seli shina, yaani seli ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini mwilini. Kisha zilielekezwa upya ziwe seli za ubongo. Baada ya wiki chache zilianza kukusanyika zenyewe, zikajipanga tabaka juu ya tabaka bila kuonyeshwa na mtu, mpaka zikawa kidonge cheupe cha ukubwa wa kunde. Ndiyo maana wafanyakazi waliziita punje. Kila punje ilikaa juu ya sahani yenye nyaya elfu nne, nyembamba kuliko unywele, zilizosikiliza umeme wake mchana na usiku, nayo ilizungukwa na maji ya rangi ya waridi yenye sukari na chumvi ambayo fundi Mwamvua Pazi aliyaita mchuzi. Mara moja kwa siku ilitiwa kichochezi, ikapatwa na kifafa kilekile cha mwenye ngozi. Halafu ilitiwa dawa inayojaribiwa, na Minza akatazama kama kifafa kinazimika; kichochezi na dawa, vyote kwa pamoja, waliviita dawa tu.

Punje haikuwa na macho, wala masikio, wala ngozi. Kwa kawaida haikudumu hata wiki kumi, kwa sababu dawa ilipatikana mapema na punje zikateketezwa. Punje za Nasra Kondo zilikuwa na miezi kumi na sita, na miezi minane ya mwisho zilikuwa zikitiwa kichochezi kila siku. Nasra alikuwa mtoto wa miaka tisa ambaye kifafa chake kilikuwa kimezishinda dawa thelathini na moja. Katika punje ishirini na nne zilizokuzwa kutokana na ngozi yake zilibaki sita. Hakuna nyingine katika historia ya kituo zilizowahi kuzoea ratiba ya kawaida, zikakomaa ndani yake, kisha zikaingizwa katika ratiba ya mwezi wa Ramadhani.

*

Mwezi ulipoandama, kituo kilibadilisha saa za kazi kama kilivyofanya kila mwaka. Dawa iliyotolewa saa tisa alasiri ikahamishiwa saa tatu asubuhi, ili wafungao waondoke saa nane wakaandae futari. Mitambo iliendelea kurekodi ndani ya vyumba vilivyofungwa.

Siku ya tisa ya mfungo, Mwamvua aliingia ofisini kwa Minza bila kubisha hodi. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini, mwembamba, aliyefanya kazi hiyo tangu kituo kilipofunguliwa. Yeye Mzaramo, Minza Msukuma. Makabila yao ni watani, na kwa miaka kumi na mbili hawakuwahi kuanza siku bila kurushiana maneno.

"Dokta, mashine yako inanisumbua."

"Mashine au swaumu?" Minza aliuliza bila kuinua macho. "Mzaramo akikaa na njaa siku nane huanza kusikia ngoma."

"Afadhali sisi tunaosikia ngoma. Ninyi mlifika pwani mkauliza chumvi hupandwa msimu gani." Lakini hakucheka. Aliweka kishikwambi mezani. "Tazama. Jana kengele ya hatari imenipigia saa tisa kasoro dakika kumi na moja, inasema punje za Nasra zinakufa. Nilikuwa nimeshafika kituo cha basi. Nikarudi mbio, na kiu yangu hii. Nafika, ziko sawasawa. Juzi ilikuwa hivyohivyo. Siku ile nyingine, hivyohivyo. Nikasema kengele imeharibika, nikaifungua yote. Nzima."

Minza alitazama. Mistari sita ya punje sita ilitembea mchana kutwa kwa mawimbi yake ya kawaida. Saa tisa kasoro dakika kumi na moja yote ililala kwa pamoja, karibu kugusa sifuri. Ikakaa hivyo dakika ishirini na mbili, kisha ikainuka polepole.

"Umeme ulikatika?"

"Haukukatika."

"Joto?"

"Thelathini na saba. Halijasogea."

"Nani aliingia?"

"Dokta, mlango unaandika kila anayepita. Tangu saa nane hakuna mtu."

"Kwa nini kengele haijawahi kulia kabla ya mwezi huu?"

"Kwa sababu nilikuwa naizima kila siku nikiingia na dawa. Wewe ndiye uliyeniambia niizime, inapiga kelele bure." Mwamvua alivuta kiti akaketi. "Mwezi huu saa hiyo sina kazi nayo, sijaizima. Hiyo ilikuwa saa ya dawa, mtani. Dawa hatuzipi tena saa hiyo, lakini zinaingoja."

Minza alimwambia seli zote zina saa yake, kwamba hata seli ya ini ndani ya bakuli hujua mchana na usiku, na kwamba hilo si ajabu wala si habari. Alisema kwa utulivu na alikuwa akisema kweli. Mwamvua alimsikiliza hadi mwisho, akainuka, akaenda kuswali adhuhuri.

Alipobaki peke yake Minza alifungua rekodi za asili, zile ambazo mtambo huzihifadhi kabla ya mkono wa mtu kuzigusa, na akazipanga robo saa zote alizozifuta. Katika miezi miwili ya kwanza hazikuwa na kitu. Katika mwezi wa tatu, dakika mbili kabla ya dawa, mistari ilianza kuinama. Mwezi uliofuata ukimya ulianza dakika nne kabla. Mwezi wa saba ulifika dakika kumi na moja na kubaki hapo. Alizitazama punje za wagonjwa wengine, changa, rafu ya juu: hazikuwa na ukimya wowote. Kisha akatazama saa tatu asubuhi ya siku za mfungo, saa mpya ya dawa. Siku tano za kwanza hapakuwa na kitu. Siku ya sita ukimya ulikuwa wa nusu dakika. Siku ya tisa, ambayo ndiyo ilikuwa leo, ulikuwa wa dakika moja na nusu.

Saa ya seli haiwezi kujifunza saa nyingine kwa siku tisa. Kinachoweza ni kumbukumbu.

Aliikuza picha ya ukimya mpaka ikajaza skrini. Haukuwa ukimya kamili. Chini yake, kundi dogo la seli katika kila punje lilikuwa likifanya kazi kwa kasi, na umbo la kazi hiyo alilitambua mara moja, kwa kuwa ndilo umbo la mwanzo wa kifafa, likiwa dogo na la haraka, likirudiwa tena na tena. Zilikuwa zikiupitia mshtuko kabla haujafika. Mchoro kama huo, ubongo wote kutulia na kona moja kuhangaika, aliwahi kuuona miaka ya nyuma alipokuwa akipima watoto wodini. Ulitokea kwa mtoto aliyelazwa chali, haruhusiwi kusogea, naye anasikia magurudumu ya kitoroli cha sindano yakija kwenye korido.

*

Mwongozo ulikuwa wazi. Dalili yoyote ya utambuzi katika tishu lazima iripotiwe kwa Kamati ya Maadili katika saa ishirini na nne, na kazi yote juu ya tishu hiyo isimame mpaka kamati iamue. Kamati haikuwa na haraka. Shauri lililotangulia, ambalo mwishowe lilikuwa hitilafu ya waya tu, lilichukua miezi saba.

Nasra hakuwa na miezi saba. Daktari wa wodi alikuwa amempa wiki tatu, naye alisema hivyo kwa namna ya mtu anayetoa zaidi ya alichonacho. Dawa ya thelathini na mbili ilikuwa imezima kifafa katika punje mara nne mfululizo. Lililobaki ni jaribio la ukomo: punje tano zingetiwa kichochezi kikamilifu na kupewa dawa kwa vipimo vinavyopanda hadi zife, ili ijulikane kipimo kinachoponya na kipimo kinachoua vimeachana kwa umbali gani. Bila namba hizo mbili hapakuwa na daktari ambaye angeruhusiwa kumchoma mtoto sindano. Punje za mtoto mwingine hazingefaa. Punje mpya za Nasra zisingefaa pia, kwa kuwa kifafa cha aina yake hakijitokezi mpaka seli zitimize miezi minane.

Akiripoti kwanza, Nasra angekufa akiwa kwenye foleni ya kikao. Akijaribu kwanza ndipo aripoti, angekuwa amekifanya kitendo hicho akijua.

Kesho yake, siku ya Alhamisi, alishuka wodini.

Chausiku, mama yake Nasra, alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akimpaka mtoto mafuta midomoni. Nasra alikuwa amelala. Kichwa kilifungwa kofia nene ya sponji, na ulimi ulikuwa na majeraha mapya.

"Imemjia mara kumi na saba leo," Chausiku alisema kabla hajasalimiwa. "Na adhuhuri bado."

"Mama Nasra, nina neno."

"Ukianza hivyo, Dokta, najua si zuri. Sema."

Minza alisema. Alitumia maneno mepesi na hakuyapunguza. Alieleza kuhusu saa tisa, kuhusu chumba kilichofungwa, kuhusu ukimya. "Zimejifunza saa ya dawa," alimalizia. "Kabla haijafika, nadhani zinaogopa."

"Unadhani?"

"Sina namna ya kujua. Hazina mdomo."

Chausiku alikifunga kichupa cha mafuta taratibu. "Zina akili ya Nasra?"

"Zina seli zake. Hazilijui jina lake, hazikujui wewe. Hazijawahi kuona wala kusikia kitu. Tangu zianze kuwapo hakuna kilichozifikia ila chakula na kichochezi."

"Basi maisha yake yote ni degedege."

"Ndiyo."

"Kama huyu." Alimtazama mtoto, kisha akamgeukia Minza. "Kwa nini umekuja kuniambia?"

"Ulitia sahihi bila kulijua hili. Una haki ya kukataa."

"Nikikataa?"

"Tunasimama."

"Mnasimama, na huyu anakwenda zake. Nikikubali, mnaendelea, na itaandikwa mama amekubali." Sauti yake haikupanda. "Dokta, umekuja kunigawia?"

Minza alitaka kusema hapana, akaona kwamba jibu la kweli ni ndiyo.

"Usinigawie," Chausiku alisema. "Mimi nimezaa mmoja, nimenyonyesha mmoja. Ningekuwa nimekaa kwenye kiti chako na shule yako yote, pengine ningeumia kama unavyoumia. Sikukaa. Kazi yako ifanye, na uzito wake ubebe wewe uliyesoma. Kwangu usiulete."

Kitandani Nasra alikuwa ametulia ghafla. Si utulivu wa usingizi. Macho yalikuwa wazi, vidole vimekunjwa, pumzi imekatwa katikati. Chausiku alimlaza ubavu kwa mkono mmoja na kwa mwingine akaitoa mito yote, kwa wepesi wa mtu aliyefanya hivyo mara elfu. Mshtuko ulikuja, ukamtikisa mtoto kwa dakika mbili zisizokwisha, ukamwacha amelowa jasho.

Ilichukua muda kabla Nasra hajasema. "Mama, imeondoka?"

"Imeondoka, mwanangu."

"Nilijua inakuja." Ulimi ulikuwa mzito. "Nikanyamaza ili isinione."

"Umefanya vizuri," alisema mama.

Minza alisimama pale, mkono wake umeshika chuma cha kitanda. Hakuna aliyemtazama. Baada ya kitambo alitoka nje, akapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu, na alipofika juu alikuwa ameshaamua. Si kwamba swali lilikuwa limejibika.

*

"Utafanya," Mwamvua alisema alipomwona mlangoni. Hakuuliza.

"Jumamosi."

"Saa ngapi?"

"Sijapanga. Labda saa tatu, ndiyo ratiba."

"Saa tatu zimeshaijua. Saa tisa zinaijua zaidi." Mwamvua alivua glavu, akazikunja moja ndani ya nyingine. "Nisikilize. Marehemu baba yangu alikuwa mchinjaji, soko la hapa hapa Kisarawe. Tangu ni mtoto alinifundisha mambo mawili. Kisu hakinolewi mbele ya mnyama. Na mmoja hachinjwi mwenziwe akitazama. Hakuna nyama iliyowahi kutoka mikononi mwake kwa njia nyingine. Kama lazima tuzichinje, basi tuzichinje kwa adabu."

"Hazitazami, dada Mwamvua."

"Mchuzi wao ni mmoja, unapita kwa hii unakwenda kwa ile. Wewe unajua wanaambiana nini humo ndani?"

Walitumia siku nzima ya Ijumaa, ukiacha saa ya swala, kuzitenga punje: kila moja bakuli lake, mrija wake, pampu yake. Dawa ya kila siku walikuwa wameisimamisha. Waliafikiana saa tano asubuhi, saa ambayo hakuna jambo lililowahi kuzitokea. Mchuzi ungepashwa moto chumba cha pili. Sindano zingejazwa huko huko. Mlango ungeachwa wazi tangu alfajiri ili kufunguliwa kwake kusiwe ishara.

Jumamosi saa tano kamili Minza alisukuma kichochezi katika bakuli la kwanza. Hapakuwa na ukimya kabla yake. Kifafa kililipuka kwenye mistari kikiikuta punje haina habari, na Minza akashangaa kwamba aliliona hilo kama neema. Dawa ikaingia, kifafa kikazimika. Kipimo kikapandishwa, kichochezi kikarudishwa, dawa ikaongezwa. Katika kipimo cha tisa punje iliacha kutoa umeme. Mwamvua aliandika saa, akafunika bakuli kwa kitambaa cheupe ambacho hakikuwa katika orodha ya vifaa.

Ya pili ilikwenda hivyohivyo, na ya tatu. Ya nne ilivumilia hadi kipimo cha kumi na moja.

Ya tano ilinyamaza kabla hawajaigusa.

Ilikuwa saa nane kasoro robo. Hakuna mtu aliyekuwa karibu nayo; Minza alikuwa bado ameketi akisoma matokeo ya punje ya nne. Mstari wake ulilala chini kabisa, na ndani yake lile kundi dogo likaanza kuhangaika. Minza alichunguza mrija: umetengwa. Alichunguza meza, joto, waya wa ardhini. Hakujua imejuaje. Mpaka leo hajui.

"Ingoje," Mwamvua alinong'ona. "Iache itulie, tuifanye ikiwa imesahau."

Waliingoja. Mwamvua alisimama, midomo imekauka kwa swaumu. Dakika ishirini na mbili zilipita, muda ambao siku zote ukimya ulikuwa ukiisha, na haukuisha. Zikapita arobaini. Jaribio lilihitaji punje tano. Nne zilitoa kiwango cha wastani tu, si mpaka ambao daktari angeweza kuuamini. Ya sita ilikuwa na kasoro tangu mwanzo, tabaka moja halikukamilika, haikufaa kuchukua nafasi hiyo. Saa moja ilipotimia mstari ulikuwa bado chini, na lile kundi dogo bado linarudia, bila kuchoka, jambo ambalo lilikuwa halijatendeka.

"Dada Mwamvua, toka nje," Minza alisema.

"Sitoki."

Minza alisukuma kichochezi.

Baadaye waliosha vyombo pamoja. Kwa desturi yao mtani ndiye anayeingia msibani na kufanya mzaha, akamwiga marehemu, akawakejeli wafiwa, akawafanya wacheke wakiwa wanalia. Ni wajibu, na anayeuacha hulaumiwa.

"Mtani," Minza alisema, "leo huna neno?"

Mwamvua aliendelea kusugua. "Utani hufanywa kwenye msiba wenye mfiwa. Hapa mfiwa nimemtafuta, simwoni."

*

Dawa ya thelathini na mbili ilizima kifafa katika miligramu nne kwa kila kilo ya uzito, na iliua katika kumi na tisa. Pengo lilikuwa kubwa kuliko walivyothubutu kutumaini. Nasra alipewa sindano ya kwanza Jumatatu. Siku hiyo alipata mishtuko mitano, Jumanne, miwili, Ijumaa hakupata hata mmoja, na aliomba uji wa mchele.

Ripoti ilikuwa imewasilishwa tangu Jumapili. Minza aliandika tarehe na saa ya kila jambo: siku Mwamvua alipoleta kishikwambi, saa alipozifungua rekodi za asili, mazungumzo ya wodini, jaribio. Profesa Ngowi, mkurugenzi wa kituo, alimwita ofisini akiwa ameishika mkononi.

"Umeandika hapa kwamba uliona ukimya Jumatano, na jaribio ukalifanya Jumamosi."

"Ndiyo, Profesa."

"Binti yangu, ungeweza kuandika kwamba uliuona ulipokuwa ukichambua matokeo. Jumapili. Hakuna ambaye angekupinga. Mtoto amepona, kituo kimepata sifa, na suala la tishu tungelijadili kwa nafasi yake."

"Ningeweza."

"Na fundi wako?"

"Alitekeleza maagizo yangu. Nimeandika hivyo pia."

Profesa alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Unajua watafanya nini? Hawatakuadhibu wewe sana. Wataogopa, nao watu wakiogopa hufunga milango yote. Wako watoto wengine wenye kifafa hiki hiki. Umewafikiria?"

"Nimewafikiria."

"Kisha?"

Minza alikuwa amewafikiria Jumapili nzima. Alikuwa amejaribu kuwaweka upande mmoja, na upande wa pili akaweka saa moja ya bakuli la tano. Na kila alipofikia kuchagua aliona kwamba asipoisema, saa ile itatokea tena katika chumba kingine, kwa mtu mwingine mwenye bidii na nia njema, naye hatajua hata kwamba kuna cha kuchagua.

"Wapewe wanaostahili kuamua," alisema. "Mimi niliamua peke yangu mara moja. Nisingependa kuwa mtu wa kuamua mara ya pili."

Kamati, ambayo haikuwahi kuharakisha jambo, ilikaa baada ya siku kumi na moja. Minza alisimamishwa kazi miezi sita. Punje ya sita iliamriwa ilazwe kwa dawa ya usingizi, jambo ambalo halikuwahi kufanyiwa tishu kituoni hapo, na aliyeilaza ni Mwamvua, saa nne asubuhi, mlango ukiwa wazi. Nasra alirudi shule muhula uliofuata. Chausiku alimleta mara tatu kupimwa, na katika mara zote tatu alimsalimia Minza kwa heshima na hakuzungumza naye zaidi ya salamu.

Tangu mwaka huo, tishu ya ubongo haikuzwi kituoni kupita wiki kumi na sita. Kifafa cha aina ya Nasra hakijitokezi kabla ya mwezi wa nane, kwa hiyo hakipimwi tena. Katika mwaka wa kwanza wa kanuni hiyo wazazi wa watoto kumi na mmoja waliomba nafasi, na wote waliandikiwa barua ya kukataliwa. Barua hizo sasa ni kazi ya Dkt. Minza Lubala, na huzitia sahihi kwa jina lake kamili.